Mwanakimondo Alikuwa Fundi Viatu

Mmeniaga kwa pilau, soda na saa ya ukutani, na meneja mpya akaniomba niandike kumbukumbu nzuri nzuri za kazini zibandikwe pale mapokezi kwa faida ya watangazaji wapya. Saa nimeshaitundika. Hizo nzuri nzuri mtanisamehe. Jina langu, Sekela, kwetu Rungwe maana yake ni furahi, na wazazi walionipa walikuwa watu wa matumaini, lakini leo naandika nina hasira na sitajisumbua kuificha.

Hasira yenyewe mmeichokoza ninyi. Wiki yangu ya mwisho studio nzima ilikuwa inabishana, hewani na nje ya hewa, nani achukue nafasi ya yule shujaa wa sinema za Kimarekani, yule wa kuruka na joho, kwa kuwa mchezaji wa zamani ameacha. Huyu mfupi, yule hana kifua, wa tatu ana kidevu kibaya. Siku tatu mfululizo! Nilipowaambia basi, inatosha, mmoja wenu, simtaji ila anajijua yeye na miwani yake, akanijibu, "Mama, haya mambo ya mashujaa ni ya kizazi chetu, wewe hutayaelewa." Nikafunga mdomo, maana ningeropoka. Sasa nimestaafu, naropoka.

Niliingia hapa wakati redio ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, barabara ya kwenda mpakani. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua redio, na kila mwenye shamba la kahawa na kaka mjini alidhani anaweza kuendesha moja. Mimi nilitoka ofisi ya wakala wa forodha, kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mkasi na gunia la kadi za salamu. Ninyi wa simu za mkononi hamkuzijua vizuri kadi zile. Msikilizaji alinunua kadi mapokezi, akajaza anatoka nani, anawasalimu nani, na ujumbe wake, nasi tukazisoma hewani. Nilizipanga, nikakata matusi, nikakata na salamu za kuwatongoza wake za watu. Jioni vidole vilikuwa vyeusi kwa wino wa kalamu za bei rahisi, na nilishajua nani wa Nanyala anamtaka nani wa Vwawa.

Aliyenifundisha kazi ya kweli alikuwa Mzee Alfani, fundi mitambo, mtu wa Tanga aliyezeeka na redio. Alinifundisha kukata mkanda kwa wembe na kuuunga kwa selotepu bila msikilizaji kushtuka. Alinifundisha kugeuza uso pembeni ya maikrofoni unapotamka p, la sivyo unawapulizia watu masikioni. Alinifundisha kwamba mvua ni mchele unaomwagwa kwenye ungo, radi ni bati linalotikiswa, na farasi hatuna hapa Tunduma kwa hiyo tusiandike mchezo wenye farasi. Na alikuwa na kanuni moja ambayo hakukubali iguswe. Msikilizaji asionyeshwe kamwe sura ya mwigizaji. "Ukimwonyesha sura," alisema, "umemnyang'anya ile aliyoitengeneza mwenyewe." Kwenye michezo yetu hatukutaja jina la mwigizaji yeyote.

Mwanakimondo, shujaa wa mchezo wetu wa redio, tulimtunga mimi na Mzee Alfani, wakati wa mgawo wa umeme, tukiwa hatuna la kufanya. Kila mtoto wa huku amepelekwa na shule kulitazama lile jiwe la Mbozi lililoanguka kutoka mbinguni, akaligonga kwa kokoto, akasikia linavyolia kama kengele. Tukasema, je, kama ndani yake alikuwamo mtu? Akatoka. Ana uzito wa chuma, risasi inamgonga inadondoka, akikanyaga chini ardhi inatetema. Anawashughulikia wanaopunja wakulima wa kahawa, wezi wa ng'ombe kule Momba, na wanaowaonea akina mama wanaovusha vitenge. Akifika mahali, bati linatikiswa, kisha sauti nzito, ya taratibu, inasema neno moja, "Nimetua."

Sauti hiyo tuliipata kwa bahati. Nilihitaji hatua za mtu mzito, nikashuka kwa fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi zetu, Yona Sichone, kuazima viatu na kile chuma chake cha miguu mitatu anachogongea soli. Yona ni Mnamwanga wa huku huku, mfupi, mguu wa kushoto ulilemaa utotoni, anatembelea fimbo. Akasema viatu vya wateja havitoki bila yeye, akapanda navyo. Mwigizaji tuliyemwandaa hakutokea siku ile, alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye harusi, au ndivyo alivyosema. Mzee Alfani akamtazama Yona, akampa karatasi. Yona akasoma polepole, kidole chini ya maneno. Alipofika kwenye "Nimetua" nilihisi kioo cha studio kikitetema, na sisemi hivyo kupamba.

Basi kwa miaka tisa, kila Jumanne na Ijumaa, Yona alifunika kazi yake kwa turubai, akapanda ngazi moja moja na viatu begani, akawa Mwanakimondo, akashuka, akaendelea kushona. Mwisho wa kila sehemu mtangazaji alisema, "Mwanakimondo amechezwa na Mwanakimondo mwenyewe." Watu walikaa kwenye benchi la Yona, mguu mmoja peku, wakisikiliza marudio kwenye redio ya duka, wakimwambia, "Umemsikia Mwanakimondo, fundi? Yule ndiye mwanamume." Naye akajibu, "Nimemsikia," akaendelea na gundi yake. Alikuwa anafurahia. Mimi nilikuwa nikishuka kununua karanga namwona anavyojizuia kucheka, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile kazini.

Mashabiki sasa. Kulikuwa na mama mmoja wa Nanyala, muuza ndizi wa barabara kuu, aliyejiita Mke Mdogo wa Mwanakimondo. Kila wiki kadi. Aliwasalimu wenzake wote, kisha ujumbe, "Mwanakimondo, chakula kiko mezani." Kulikuwa na mmoja wa Mbangala, mbali na mnara wetu, aliyejiita Kokoto, ambaye mpaka leo sijui alitupata vipi kule, nadhani alipanda juu ya paa. Niliwapenda. Nawaambia hivyo ili mjue hasira hii si ya mtu asiyewajua.

Mzee Alfani akastaafu, akarudi Tanga. Baadaye kidogo ikaja ile homa ya filamu za video, kila mji unatoa yake, na meneja wetu wa wakati ule, Bwana Festo, akaamka asubuhi moja na wazo. Mwanakimondo atengenezewe filamu. "Sauti tunayo," akasema kwenye kikao. "Tunatafuta mwili." Nikamwambia sauti ina mwili wake, uko chini ya ngazi unashona kandambili. Akacheka, akidhani natania. Alipoona sitanii akasema, "Sekela, sisi tunauza shujaa." Kisha akanipa kazi ya kuwauliza wasikilizaji hewani nani anafaa, kwa kadi na kwa ujumbe wa simu, ili mji upate joto.

Mji ukapata joto kweli. Kundi moja likamtaka Baraka, dereva wa malori, mrefu, kifua kama mlango, ambaye kila alipopita na lori lake watoto walimpigia saluti. Kundi jingine likamtaka mwalimu wa michezo wa Vwawa kwa sababu ana sura ya upole. Wanyiha wakasema jiwe liko kwao, kwa hiyo shujaa awe Mnyiha. Wanamwanga wakajibu kwamba jiwe ni la Wanyiha lakini akili ya kutoka ndani yake lazima iwe ya Mnamwanga. Mpaka hapo ulikuwa utani na nilicheka. Kuna aliyepiga simu kutoka upande wa pili wa mpaka, akasalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai, ba Sekela! Sisi wa Nakonde tunasema awe na kitambi kidogo, bwana, shujaa mwembamba atatoa wapi nguvu?" Wasusi wawili wa saluni moja waliacha kusemeshana, wakagawana wateja. Kisha utani ukaisha. Mwanakimondo hawezi kuwa mfupi. Mwanakimondo hawezi kuwa na meno yaliyotiwa kahawia na maji ya huku. Mwanakimondo hawezi kuwa na kasoro. Na mimi nikazisoma kadi hizo, moja baada ya nyingine, kwa sauti yangu nzuri, huku nikijua redio ya duka inasikika mpaka kwenye lile benchi.

Wiki ya usaili Yona alinisimamisha ngazini. "Dada Sekela, nikasimame na wenzangu?"

"Kasimame."

"Watanicheka."

"Wakikuona tu, wanaweza. Wakikusikia, hapana. Halafu mimi ndiye nitashika maiki. Ukimaliza kusoma nitawaambia ni wewe."

"Kabisa?"

"Kabisa, Yona. Kwa mdomo wangu huu."

Mdomo huu huu. Usaili ulikuwa Jumamosi mchana, uwanja wa mpira wa shule. Watu walikuja wengi kuliko siku ya Mwenge wa Uhuru. Washiriki walibandikiwa namba kifuani, kila mmoja apite mbele, aseme, "Mwenye kumwonea mnyonge, jiandae. Nimetua," kisha bati litikiswe. Baraka alisema kwa sauti nyembamba ya mtu anayeuliza bei, lakini alikunja mikono, shati likabana, uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Mwalimu wa Vwawa alisahau maneno. Halafu akaja Yona, amevaa shati la kwenda kanisani, fimbo mkononi, viatu vyake mwenyewe vimeng'aa.

Walianza kucheka kabla hajafika katikati. Akasimama. Akasubiri, kama alivyosubiri taa nyekundu studio miaka tisa. Kisha akasema.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ilikuwa ile ile, nzito, ya taratibu, sauti waliyoipakulia chakula. Uwanja ukanyamaza, hilo naapa. Kikohozi kimoja tu kilisikika. Nikainua maikrofoni. Hapo Bwana Festo akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Ukitamka tu, umeua filamu na umeua redio. Kesho nitatafuta mwingine wa kukaa kwenye kiti chako." Nikaiacha maikrofoni pale ilipo, mbele ya mdomo, imewashwa, na sikusema kitu. Sikuwa na watoto wanaolala njaa, msije mkanitetea kwa hilo. Nilikipenda kile kiti.

Ukimya haukai wazi kwa muda mrefu. Mtu akapaza sauti, "Anamwiga Mwanakimondo!" Mwingine, "Tena anamwiga vibaya! Yule wa redioni sauti yake nzito zaidi!" Wakaangua kicheko cha kujifariji, kisha mmoja akasema kiwete katua, na uwanja mzima ukaimba hivyo. Mke Mdogo wa Mwanakimondo alikuwa mstari wa mbele, nilimtambua kwa bango lake. Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa ya chakula mezani, mume amekuja, anamcheka! Yona hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na maikrofoni yangu. Halafu akageuka, akaondoka kwa mwendo wake ule ule, na uwanja ulikuwa mrefu.

Baraka akachaguliwa. Jumatatu Bwana Festo alimwita Yona ofisini, akamweleza kwa upole wa kibiashara kwamba Baraka atatingisha mdomo na Yona ataweka sauti juu yake, na hakuna atakayejua. Yona alikuwa amekuja na mfuko. Akatoa humo viatu ambavyo studio ilikuja kununua kwa ajili ya mchezo, jozi nne, akaviweka mezani juu ya karatasi za meneja. "Nimevishona soli zote," alisema. "Sina kingine chenu." Hakunisemesha. Nilimfuata ngazini nikimwita, naye alishuka ngazi moja moja bila kugeuka.

Filamu ilitoka kwa sauti ya Baraka mwenyewe. Mnataka kujua mashabiki walisemaje? Walikuja juu! Kadi zilijaa gunia. "Huyu siye! Sauti si yake! Turudishieni Mwanakimondo wetu mliyemficha!" Watu wale wale. Mke Mdogo aliandika kwamba amekuwa mjane. Nilizisoma zile kadi hewani meno yakiuma kwa kuyakaza. Mchezo ukafa ndani ya miezi michache, na hatukupata sauti nyingine.

Nilimpigia simu Mzee Alfani Tanga, nikitaka anifariji. Nikamwambia nililinda kanuni yake, sikuonyesha sura. "Sekela," akasema, "kanuni ile ni ya kumlinda msikilizaji anapokuwa nyumbani kwake. Mtu akishajitoa mwenyewe mbele za watu, unalinda nini?" Akakata. Hakuwahi kunikatia simu kabla ya hapo.

Kadi ya Yona ilikuja baada ya mchezo kufa. Aliinunua mapokezi kama mtu mwingine yeyote, akaijaza kwa ule mwandiko wake wa kidole chini ya maneno. Anatoka: Yona Sichone, fundi viatu, Tunduma. Anawasalimu: wasikilizaji wote wa Mwanakimondo. Ujumbe: Ni mimi. Nilipaswa kuisoma kipindi cha saa kumi siku ile. Niliiweka kwenye droo. Nilijiambia nitaisoma kesho, Festo akiwa safari. Festo alisafiri mara nyingi. Festo akahama kabisa, akaja meneja mwingine, na mwingine, kadi zikaisha, zikaja meseji, na ile moja ikabaki chini ya mkasi wangu miaka saba. Nilikuwa natokea mlango wa nyuma, nisipite mbele ya Yona.

Siku ya mwisho mlinipa nusu saa hewani niage. Mlidhani nilichotoa kwenye mkoba ni hotuba. Niliisoma kadi yote, anatoka, anawasalimu, ujumbe, kisha nikasema yaliyotokea uwanjani na nani aliyekuwa ameshika maikrofoni. Mnakumbuka simu zilivyoingia. Mmoja alisema nimezeeka nachanganya mambo. Mwingine, kwa lafudhi ya Mbangala, akasema, "Mama, tuache na Mwanakimondo wetu. Mimi nilishamwona kichwani, na hafanani na huyo." Wewe kijana wa miwani ukapunguza sauti yake ukaweka muziki. Ulifikiri unaniokoa.

Nikatoka kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Yona yuko pale pale, mvi zimemjaa, malori yamejipanga barabarani kuelekea mpakani. Alikuwa anagonga soli ya msichana mmoja wa saluni aliyekaa kwenye benchi mguu peku.

"Habari za kazi, Yona."

"Njema, Dada Sekela." Hakuinua uso.

"Nimeisoma kadi yako leo. Hewani."

Nyundo ikasimama. "Leo?"

"Sasa hivi. Hukusikia?"

"Redio ya duka ilishakufa, na yangu sifungulii," akasema. "Tangu ile Jumatatu sijafungulia." Akagonga misumari miwili. "Haya, isome."

Nikaitoa. Niliisoma nimesimama juu ya vumbi, bila maikrofoni, na lori likapiga honi katikati ikabidi nianze upya. Ujumbe niliusoma kwa sauti hii mliyoipigia makofi. Msichana wa saluni alinitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza, "Samahani, mama, kwani Mwanakimondo ndiyo nani?"

Nikamtazama Yona ajibu. Angesema neno moja tu. Akachukua kiatu, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa na maiki."